Wino Uliotoka na Povu la Sabuni

Shangazi alikwisha kumchukia yule kijana kabla hajakanyaga kizingiti, na hakuona sababu ya kuficha.

"Mwanaume wa maneno matamu ni asali iliyomwagika sakafuni," alisema akikung'uta mito ya makochi kana kwamba ndiyo iliyomkosea. "Utalamba mpaka lini? Na nzi nao wamo."

"Shangazi, hujamwona hata sura," Kitinda alilalamika.

"Sura nimeiona kwenye simu yako. Ndiyo iliyonizidishia wasiwasi. Mtu mzuri kiasi kile hajawahi kungojea kitu duniani."

Mama alikuwa jikoni akikata nyanya, akacheka peke yake. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi stendi ya mabasi, ambako watu walimpigia kelele dirishani kutwa nzima, kwa hiyo siku za mapumziko alipenda kusikiliza kuliko kusema. Tangu baba wa nyumba alipofariki, kusema alimwachia wifi yake, naye wifi aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja.

Kitinda walimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi pale nyumbani, na jina likamfuata mpaka chuoni, alikokuwa mwaka wa pili akisomea kazi ya maabara ya hospitali. Kijana waliyekuwa wakimngojea aliitwa Wakili. Alikuwa bado mwaka wa tatu wa sheria, na katika maisha yake alikuwa hajamtetea mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe, lakini hilo alilifanya kwa ufundi mkubwa. Alikuwa na sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo, ikikuingia sikioni unajikuta umeitikia jambo ambalo hata hukuulizwa. Kitinda aliitikia mara nyingi.

Hata hivyo, kilichomfanya akubali hatimaye kumleta nyumbani hakikuwa sauti. Kilikuwa kidole.

Kati ya hosteli za wanafunzi na chuo palipita barabara kuu ya malori. Mwaka uliotangulia, rafiki wa Kitinda wa chumba kimoja aligongwa pale akivuka kwenda kufanya mtihani. Walimwita Msusi, kwa maana aliwasuka wasichana wa ghorofa nzima, malipo yake yakiwa umbea tu. Alizinduka hospitali akiwa na mguu usiokunjika, akarudi chuoni kwa magongo. Kwa hiyo ulipofika uchaguzi wa diwani, wasichana wa hosteli hawakuhitaji semina ya umuhimu wa kura. Mgombea mmoja alikuwa mkunga mstaafu, akiahidi kupigania daraja la waenda kwa miguu. Mwingine alikuwa na yadi ya malori, akiahidi barabara pana zaidi.

Kitinda alizunguka mlango kwa mlango kuwahimiza wenzake. Wakili naye alimwambia, "Mpenzi, kwa ajili yako nitakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Siku yenyewe Kitinda na Msusi walipanga foleni tangu alfajiri. Msimamizi alipotaka kumpitisha Msusi mbele, alikataa. "Nimekuja kusimama," alisema, "maana wapo waliosema sitasimama tena." Wakafika, wakapiga kura, wakarudi. Wakili hakuonekana. Jioni alitokea uani mwa hosteli akiwa ameinua kidole juu, kina wino wa bluu mpaka kwenye kucha. Alipangiwa kituo kingine, alieleza, kule shule ya msingi, foleni ndefu, jua kali, mateso matupu. Kitinda alikishika kile kidole akakibusu mbele ya watu, yeye ambaye hata kushikwa mkono hadharani alikuwa akiona haya.

Mkunga alishindwa. Alishindwa kwa kura chache mno. Wenye kura hizo ungewapakia kwenye basi moja na viti vingebaki. Usiku ule Wakili alimpigia Kitinda simu kumliwaza. "Usilie, mpenzi," alimwambia. "Tulijitahidi."

Kidole kile na neno hilo ndivyo vilivyomfungulia mlango wa nyumbani kwa kina Kitinda.

*

Alifika Jumapili mchana, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, akamwinamia mama kwa heshima na kumsalimia Shangazi kwa sauti ile ile yenye mikwaruzo.

"Shikamoo, Shangazi. Nimesikia sifa zako mpaka nikaogopa kuja."

"Marahaba. Ungeendelea kuogopa," alijibu Shangazi, lakini alimsogezea kiti.

Mezani mama alimwekea kipaja cha kuku, na alipokuwa akipokea sahani, macho ya mama yakatua kidoleni.

"Na wewe ulienda kupiga kura?"

"Mama, ningekosaje?" Wakili alikitazama kidole chake kwa unyenyekevu, kama mtu anayetazama nishani aliyovishwa bila kuomba. "Nilifika pale mapema, nikawa karibu kabisa na mlango. Mara nikamwona mama mmoja mjamzito, amechoka, hana pa kuegemea. Nikampa nafasi yangu, nikarudi nyuma kabisa. Nikaanza upya."

"Ukaanza upya?" Shangazi aliacha kutafuna.

"Jua lilikuwa la kupasua kichwa, Shangazi. Wenzangu wakaanza kuondoka. Nikawaambia, ndugu zangu, kuna watu wanategemea tusimame hapa. Kuna dada yetu anatembea kwa magongo."

Kitinda aliinamisha uso kwenye sahani ili wasione macho yake yamejaa maji. Habari ya yule mjamzito hakuwa ameisikia. Alijisemea moyoni kwamba kumbe huyu mtu ana mema ambayo hata hayasemi. Chini ya meza aliunyoosha mguu wake mpaka ukagusana na wa Wakili, na Wakili akamtazama mara moja tu, haraka, kwa pembe ya jicho, mtazamo wa kumyeyusha mtu mwenye akili zake.

Walipomaliza kula, Wakili alifanya jambo ambalo halijapata kufanyika katika nyumba ile. Alisimama, akakunja mikono ya shati na kuanza kukusanya sahani.

"Mama, kaa. Shangazi, kaa. Leo vyombo ni vyangu."

Shangazi alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. "Mimi nimezika mume," alimnong'oneza wifi yake, si kwa sauti ndogo sana, "ambaye hakuwahi kujua sinki liko upande gani wa nyumba."

Kwenye sinki Wakili alifungulia maji ya moto, akamimina sabuni bila ubahili, akazamisha mikono mpaka viwiko. Kitinda alisimama pembeni yake na taulo akifuta vyombo, bega kwa bega, kama watu walioishi pamoja miaka. Wakili alisugua sufuria huku akipiga mluzi. Kitinda alijiona tayari wako kwao, jikoni kwao, Jumapili yao.

Kisha aliona povu.

Povu lilikuwa jeupe. Sasa upande mmoja, kando ya mkono wake wa kulia, lilikuwa na rangi ya bluu hafifu, ikizunguka na kusambaa kila alipozungusha sponji. Kitinda alidhani ni rangi ya sahani. Kisha Wakili akainua glasi kuitazama kwenye mwanga wa dirisha, na kidole kilichoishika kilikuwa safi. Safi hadi kwenye kucha, kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Kitinda alikuwa ameshinda maabara mwaka mzima uliopita. Alikuwa amepata kumwagikiwa na dawa ile ile inayotiwa kwenye wino wa kura. Iling'ang'ania ngozi yake hata alipoisugua kwa jiwe. Alijua wino ule hauogopi sabuni. Alijua pia, na hili ndilo lililomchoma, kwamba tangu siku ile alikuwa ameona rangi ya kile kidole si ya kawaida, lakini hakutaka kuiona.

Wakili aliyafuata macho yake. Mara moja akarudisha mkono majini.

"Toa mkono," alisema Kitinda.

"Maji ya moto, mpenzi, acha nimalizie hii sufuri..."

"Nimesema toa mkono."

Aliutoa polepole, unachuruzika. Maji yalidondokea sakafuni. Shangazi alikwisha kufika mlangoni, maana pua yake haikuwahi kukosa moshi wa ugomvi, na mama alikuwa nyuma yake. Wote watatu walikitazama kidole cha mgeni.

Shangazi ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kumbe alijipaka! Yarabi, kijana amejipaka wino ili asigombezwe!"

"Shangazi, si jambo la kucheka," alisema Kitinda.

"Kwa nini nisicheke? Mwanangu, uongo wa kumpendeza mwanamke si uongo, ni pambo. Wangapi wanajipaka manukato? Huyu kajipaka wino." Alimgeukia Wakili kwa upendo aliouvumbua dakika ile ile. "Na sufuria nayo kaisugua mpaka tako lake."

Wakili aliona upenyo, akatabasamu. "Shangazi unanielewa."

Mama hakutabasamu. Aliuliza kwa sauti yake ya dirisha la tiketi, isiyopanda wala kushuka. "Na yule mjamzito?"

"Mama, hilo naweza kulieleza."

"Sikuuliza kama unaweza. Alikuwepo?"

Wakili alirudisha macho kwenye sufuria, akaanza kuisugua upya ingawa ilikuwa imekwisha kung'aa.

"Twende nje," Kitinda akamwambia.

*

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mdogo wenye kamba za nguo, na mama alikuwa ameanika mashuka asubuhi. Walisimama katikati ya mashuka mawili. Hiyo ndiyo faragha iliyopatikana, ingawa kila jirani aliyekuwa dirishani aliona miguu minne na kuhesabu kuwa ni ya wapenzi.

Wakili alijaribu kwanza njia aliyoizoea. Alisogea karibu, akamtazama machoni, akashusha sauti.

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Nakujua ukikasirika. Pua yako hufanya hivi."

"Ningekuwa nimekasirika ningekupigia kelele. Wino ni wa nini?"

"Wa muhuri," alisema. "Ofisi ya kitivo. Karani alikuwa ametoka, nikabonyeza kidole kwenye ile pedi yake."

"Wino wa muhuri hautimizi siku mbili. Leo ni Jumapili. Ulipiga kura yako hiyo Jumatano."

Wakili alikificha kidole mfukoni.

"Ina maana ulikuwa ukiamka asubuhi unajipaka tena?"

"Si kila siku," alijitetea. "Mara mbili tu."

Kitinda alimtazama. Alijaribu kumwona akiwa ameketi kitandani asubuhi, mtu mzima, ndevu zake na vitabu vyake vya sheria, akikitia kidole rangi kwa uangalifu kisivuke mpaka. Picha ilimjia yote, na pamoja nayo kikamjia kitu kipya ambacho hajawahi kukihisi kwa mtu huyu. Hakikuwa hasira. Hasira ina moto, na mtu hujikunyata kando ya moto. Hiki kilikuwa baridi.

"Pale shule ya msingi kituo kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Wewe unajua kilikuwepo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nililala." Alifungua mikono. "Basi, nimesema. Nililala, mpenzi. Usiku wake tulikesha na mpira, asubuhi mwili ukakataa. Nilipoamka ilikuwa mchana, nikaona jua lile, nikaona foleni nikiwa dirishani. Nikajiuliza, kura yangu moja itaongeza nini? Itapunguza nini? Nieleze kama mtu mwenye akili. Moja!"

"Ungeniambia umelala."

"Ungeninunia."

"Ningekununia, ningepika chai, tungekunywa, yakaisha. Watu wanalala. Mimi nimewahi kulala nikakosa mtihani. Badala yake ukaja uani umeinua kidole kama mshindi, nami nikakibusu." Sauti yake ilitaka kupanda akaizuia. "Nilikibusu mbele ya Msusi."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda. Hulioni hilo? Mtu asiyekupenda angejisumbua kujipaka?"

Lilikuwa jambo la kweli, na ubaya wake ndio huo. Alimpenda. Macho yake yalisema hivyo bila hila yoyote, makubwa, yana maji kidogo, na shuka likipeperuka lilimgusa bega kama mkono. Kitinda aliona moyo wake ukianza kutafuta visingizio. Kwani nani hajawahi kusema uongo? Kwani angeenda, mkunga angeshinda kwa kura moja? Shangazi mwenyewe, adui wa wanaume wote wazuri, alikwisha kumkubali. Neno moja tu la toba lingetosha, na Kitinda alilingojea, akalingojea kwa hamu kabisa.

Lakini Wakili alikuwa na ugonjwa wa watu wa sauti nzuri, wa kutojua pa kunyamaza.

"Halafu isiwe mimi tu ndiye ninayesulubiwa," aliongeza. "Ghorofa yetu nzima hatukwenda. Mtu mmoja wa chumba cha mwisho ndiye aliyekwenda, na tulimcheka aliporudi."

"Ghorofa nzima?"

"Nzima!"

"Mbona wale wa chumba cha pembeni yako niliongea nao mwenyewe? Waliniahidi. Walikuwa wamekwisha kuvaa viatu, mmoja wao alinitumia picha asubuhi."

Wakili aligundua kwamba amekanyaga pasipokanyagika. Alijaribu kurudisha mguu. "Watu hubadilisha mawazo."

"Nani aliwabadilisha?"

"Sasa ndiyo unanihoji kama mahakamani."

"Nani, Wakili?"

"Tulikuwa tunataniana tu!" Alicheka, akimkaribisha naye acheke. "Waliingia chumbani wakiwa wamevaa, mimi niko chini ya blanketi, nikawaambia, 'Ndugu zangu wasomi, mmeona wapi daraja limejengwa kwa kidole? Rudini mkalale. Foleni ni ya watu wasio na vitanda.' Wakacheka. Wakavua viatu. Ni utani, Kitinda. Je, ni kosa langu kama watu wanapenda kunisikiliza?"

Akalisema hilo la mwisho kwa fahari ndogo, hakuweza kujizuia.

Kitinda alikuwa akiwaona wale vijana wakivua viatu. Aliuona ule ukanda wa vyumba, milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na basi lile la kura zilizopungua likipata abiria wake wote, hadi kiti cha mwisho.

"Unasema kura yako moja haina uzito," alisema hatimaye. "Kumbe hukuwa na moja. Ulikuwa na ghorofa."

"Usikuze mambo."

"Mungu amekupa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Siku moja tu, siku moja ambayo ingemfaa mtu, ukaitumia kuwarudisha watu kitandani ili usione aibu ya kulala peke yako. Halafu ukanipigia simu ukaniambia tulijitahidi."

"Nilitaka ufarijike!"

"Nani alijitahidi? Wewe ulijitahidi nini? Mtu aliyejitahidi alisimama kwenye foleni kwa mguu mmoja na magongo mawili. Leo umemleta mezani kwa mama yangu. 'Dada yetu anatembea kwa magongo.' Umemgeuza kachumbari ya kulia kuku!"

Wakili alikunja uso. Sasa naye alianza kuumia, na akiumia alikuwa mkali. "Sikiliza. Mimi sikumgonga rafiki yako. Siendeshi lori. Usinibebeshe msalaba wa watu. Wewe na wenzako mna ushamba huu wa kuamini kwamba karatasi moja kwenye sanduku itawaletea daraja. Mnasimama juani, mnapakwa rangi kama mbuzi wa mnada, mnarudi mnajiona mmefanya kazi. Mimi nimesoma. Najua mambo yanavyokwenda."

"Umesoma," alirudia Kitinda.

"Ndiyo."

"Mbona basi ulijipaka rangi ya mbuzi?"

Dirishani kwa jirani mtu alikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko.

Kitinda alivuta pumzi. Alikuwa hajamaliza kumpenda, na kwa ajili ya hilo alimpa njia moja.

"Sitaki uniombe radhi mimi," alisema kwa upole. "Mimi nilitaka kudanganywa, sehemu yangu naijua. Twende sasa hivi hosteli. Umwambie Msusi hukwenda. Umwambie pia wale wenzako uliwaambia nini. Umwambie wewe, kwa hiyo sauti yako. Ukimaliza nitakushika mkono mbele ya watu wote, na sitalitaja tena hadi nizeeke."

Alimwona akilifikiria. Alimwona kabisa, macho yalikwenda kwenye lango, yakarudi, yakashuka kwenye viatu vyake vinavyong'aa.

"Kwani lazima ajue?" aliuliza. "Atanitazamaje?"

"Sijui. Nenda ukaone."

"Kitinda, kuwa na utu. Unataka nikajidhalilishe kwa msichana wa kusuka nywele? Watanicheka chuo kizima. Mimi mwakani nagombea uenyekiti wa wanafunzi!"

Kitinda alimkazia macho kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa amesimama katikati ya mashuka, kidole kisafi, akihitaji kura.

Kitinda alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kikavu, kikamshtua hata yeye. Na alipokwisha kucheka alijua yamekwisha, kwa sababu unaweza kumsamehe mtu aliyekuumiza, lakini mtu uliyemcheka hivyo huwezi tena kumlalia kifuani. Dharau ikishaingia nyumba ya mapenzi haiombi kiti, inapitiliza hadi kitandani.

"Nenda zako," alimwambia.

"Kwa sababu ya kura? Unaniacha mimi kwa sababu ya kura?"

"Ukiulizwa, sema hivyo. Watakuhurumia. Wewe unajua kusema."

"Utajuta. Utatafuta mwanaume anayekupenda kama mimi, utazunguka mpaka miguu ife ganzi."

"Labda. Lakini nitakuwa nazunguka na mtu ninayemheshimu, yaani mimi mwenyewe. Lango liko kule. Lisukume kwa nguvu, huwa linakwama."

Alingoja kidogo amwite. Kitinda hakumwita. Akaondoka na mabega yamenyooka, akapigana na lango mpaka likafunguka, na hata katika kupigana nalo alikuwa mzuri wa kutazamwa.

Shangazi alitokea mlango wa nyuma kama risasi. "Amekwenda? Umemfukuza? Mwanangu una wazimu! Mwanaume anayeosha masufuria unamtupa kwa ajili ya diwani? Mtu tumekwisha kumkubali!"

"Mlikubali povu, Shangazi."

"Na wewe unataka nini? Malaika?"

"Nataka mtu akisema nimekwenda, awe amekwenda. Hata kama ni dukani."

"Huyo hajazaliwa!" alisema Shangazi, akarudi ndani akisonya, akapiga mlango.

Mama alibaki. Aliingia katikati ya mashuka, akagusa moja kuona kama limekauka, akalitoa vibanio. Kitinda akashika ncha ya pili bila kuambiwa. Wakalikunja kimya kimya, wakisogeleana na kuachana, mpaka mikono yao ikakutana, na hapo mama akaona uso wa mwanawe umelowa.

"Bado unampenda?" aliuliza.

"Nampenda, mama. Hilo ndilo linalonitia kinyaa."

"Itakuwaje sasa?"

"Nitampenda huku nikimdharau, mpaka kimoja kimalize kingine."

Mama alilipokea shuka, akalibana chini ya kwapa. "Na kipi kitamaliza kingine?"

Kitinda aligeukia shuka la pili, akaanza kulitoa vibanio. Alikuwa anajua, na ndiyo maana alikuwa analia.